Redio Okapi na kazi iliyozaliwa nayo

Tarehe 25 Februari 2002, siku ile ile Wakongomani walipoanza mazungumzo yao kule Sun City, Afrika ya Kusini, Redio Okapi ilisikika kwa mara ya kwanza. Inchi ilikuwa imekatwa vipande. Kinshasa ilikuwa na serikali, Goma ilikuwa mikononi mwa RCD, na Gbadolite mwa MLC. Mtu wa Bukavu mwenye mdogo wake Kinshasa alikuwa na shida hata ya kujua kama yuko hai. Umoja wa Mataifa, kupitia MONUC, pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, waliifungua redio hiyo ili habari ile ile ifike pande zote za vita, kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba.

Wazee walikuwa wamezoea mambo mengine. Wakati wa Mobutu, televisheni ya taifa ilianza habari kwa kuonyesha uso wa Raisi ukitoka mawinguni, kisha nyimbo na ngoma za MPR. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika miaka iliyofuata televisheni za watu binafsi zikafunguka, hasa Kinshasa. Nyingine zilianza na habari, zikageuka nyumba ya maombi asubuhi mpaka usiku. Nyingine zikawa kinywa cha mwenye mali. Mtazamaji hakuulizwa kitu.

Sababu si siri. Matangazo ya biashara ni machache, mshahara wa mwandishi wa habari ni mdogo, kwa hiyo anayelipa saa ndiye anayeijaza. Ndiyo ile tunayoita coupage: mwenye habari anampa mwandishi bahasha, na kila mtu katika kazi hii anaijua, hata wale wanaoikana.

Okapi pia ilibadilika. Ilitangaza uchaguzi wa mwaka 2006. Ilikuwa na kipindi cha Gutahuka, kwa Kinyarwanda, kilichowaambia wapiganaji wa Rwanda walioko porini waweke silaha chini na kurudi kwao. Na mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, redio ya habari ikawa mwalimu: kipindi cha Okapi École kilitayarishwa pamoja na wizara ya elimu na UNICEF. Mwalimu wa redio hawezi kuona nani ameinua mkono, wala nani amelala juu ya daftari. Na nyumba yenye redio moja ina baba anayetaka habari na watoto wanaotaka hesabu. Hata hivyo, kati ya mageuzi yote, hili lilikuwa karibu zaidi na kazi ya mwanzo: kumfikia mtu ambaye njia nyingine zote zimefungwa.

Kazi hiyo imelipiwa kwa damu. Serge Maheshe, mwandishi wa Okapi, aliuawa kwa risasi Bukavu mwezi wa sita 2007. Didace Namujimbo, mwenzake, aliuawa mji ule ule mwezi wa kumi na moja 2008.

Sasa hali ya 2002 imerudi. Mwanzoni mwa 2025 M23 ilichukua Goma, kisha Bukavu. Makambi yaliyokuwa kandokando ya Goma, kama Bulengo, yalibaki matupu, na familia zikatawanyika tena. Banki zilifungwa, uwanja wa ndege pia. Mtu yuko upande mmoja wa vita, mke na watoto upande mwingine. Swali lao ni lile lile la zamani: barabara iko wazi? Kule tulikotoka kuna usalama? Nani amefika?

Mijadala ya wanasiasa ina nafasi yake, lakini aliyelala kwa jamaa na watoto sita anahitaji kwanza habari ya barabara, kwa Kiswahili, saa ambayo watu wametoka shambani.

Nyuma ya hayo kuna jambo la pesa. Hirondelle ilitoka Okapi mwaka 2014. Mwezi wa kumi na mbili 2023 Baraza la Usalama lilikubali MONUSCO iondoke hatua kwa hatua, na katikati ya 2024 ikafunga kazi yake Kivu ya Kusini. Siku askari wa mwisho watakapopanda ndege, mafuta ya jenereta na mishahara vitatoka wapi? Wakija wanasiasa au wahubiri na bahasha zao, tunajua televisheni zilivyokwenda.

Wakati huo, watu wanaanika mapile juani ili yapate nguvu kidogo, yatoshe habari ya jioni.