Treni ya Kabla ya Magharibi

Sisi ni watu wa Mombasa kwa asili na wa Nairobi kwa riziki. Babu yetu alipanda garimoshi kule pwani akiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka, akaajiriwa katika karakana ya reli, akapewa chumba kimoja Muthurwa. Kila Ijumaa alikwenda kwa miguu hadi Pumwani kusali na kula pilau kwa jamaa, kwani Majengo ya huko, tangu miaka ya 1920, ndiyo yaliyokuwa makazi ya Waislamu na Waswahili wa mji huu. Husemwa kwamba Nairobi ni mtoto wa reli, na ni kweli: njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1899, pakiwa ni kinamasi, kisha ikaendelea hadi Kisumu mwaka 1901. Basi hata sisi, kwa namna fulani, ni wajukuu wa reli. Hata hivyo, tulipohamia Donholm tulikaa miaka mingi bila kukanyaga behewa. Treni tuliisikia honi yake tu, tukiwa jikoni.

Aliyeturudisha relini ni binti yetu. Mwaka jana alipata nafasi katika chuo kimoja cha mjini, kusomea uuguzi. Nyumba nzima tulifurahi. Kisha usiku, watoto walipolala, tukaanza kuhesabu saa. Masomo humalizika jioni. Kutoka mjini hadi kwetu kwa matatu, foleni ya Barabara ya Jogoo ikishika, ni saa moja na nusu, pengine mbili. Msichana aliyevaa buibui, amesimama gizani kwenye steji ya Muthurwa, anasukumwa na kila apitaye, anaambiwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na familia. Mmoja wetu alisema heri angoje mwaka mmoja, pengine chuo cha karibu kitapatikana. Mwingine akajibu kwamba mwaka wa msichana ukishangojeshwa haurudi. Tulinyamaziana kwa siku mbili. Tunalisema hili bila haya, kwa sababu tunajua nyumba nyingi zimenyamaziana kwa jambo hilihili.

Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye duka la vitambaa mjini, ndiye aliyetuuliza, "Kwani ninyi hamuioni treni?"

Tulikuwa na picha ya zamani kichwani: mabehewa yaliyochakaa, vijana wamening'inia milangoni na wengine wamekaa juu ya paa. Mambo yamebadilika kiasi. Stesheni mpya ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, na mwezi kama huo mwaka 2020 zikaanza kazi treni za dizeli zilizonunuliwa Hispania, ambazo hazihitaji kichwa cha kuzivuta. Zikitoka stesheni kuu hupita Makadara, na njia zikishaachana, moja hushika Syokimau, moja Embakasi kupitia kwetu, na moja Dandora hadi Ruiru. Nauli ni nafuu kuliko matatu, na haipandi mvua ikinyesha. Mwenye matatu akiona wingu tu, bei hupaa!

Basi binti akaanza kwenda. Alipata kiti dirishani kando ya yule mama wa vitambaa, na kidogo kidogo wakawa kundi: wauguzi wawili, karani, mwalimu wa madrasa, na mama mmoja Mkamba ambaye si wa dini yetu lakini ndiye aliyekuwa akiwashikia wenziwe nafasi. Jua likianza kuinama waliondoka mjini pamoja, na mara nyingi binti alitawadha nyumbani kabla adhana ya Magharibi haijakwisha. Ile hofu ya usiku ikatutoka, tukaona kama jambo limekwisha.

Halikwisha. Treni hizi ni za asubuhi na jioni; ikikupita ya jioni, umebaki na barabara. Siku moja ya mvua kubwa somo lilichelewa, binti akafika stesheni akaona taa za nyuma tu. Simu ikazimika. Alifika nyumbani saa nne kasoro ya usiku, viatu mkononi, amelowa, na mtu alikuwa amemfuata tangu steji hadi karibu na lango letu. Hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini usiku ule yule kati yetu aliyesema angoje mwaka mmoja hakusema neno, na kimya chake kilituuma kuliko maneno.

Tulimpigia wifi yetu aliye Dubai, kwa kuwa yeye huamka usiku. Akatusimulia metro ya huko, iliyofunguliwa Septemba 2009, jinsi sehemu kubwa yake inavyopita juu ya nguzo, barabara ikabaki chini na foleni zake, na jinsi kulivyotengwa nafasi ya wanawake na watoto. Dakika chache zikipita, nyingine inakuja. Tukasema, hiyo ni nchi ya mafuta. Lakini Addis Ababa si mji wa mafuta, na tangu Septemba 2015 una treni ya umeme ambayo kwa sehemu hupita juu ya nguzo vilevile. Sisi pia tunajua kusimamisha nguzo: Barabara ya Expressway iliyoanza kutumika mwaka 2022, kutoka upande wa Mlolongo hadi Westlands, kwa sehemu inapita juu, kwa mwenye gari na pesa ya kulipia. Kilichoinuliwa ni gari la mtu mmoja. Treni ya watu mia kadhaa imebaki chini, inapiga honi kwa wachuuzi.

Wala hatusemi kwa wepesi kwamba reli ipandishwe juu. Tulipita Mutindwa juzi kununua mchicha. Wanawake wamepanga mboga kandokando ya reli ya Dandora, na aliyetuuzia alituambia wateja wake ni wale wanaoshuka treni jioni. Njia ikienda juu, atauzia nani? Na ikibaki chini, mtoto wake anayecheza hatua tatu kutoka kwenye chuma, nani atamchunga? Tulilipa mchicha, tukaondoka bila jibu.

Nyumbani tuliamua hivi: binti aendelee. Ameomba chuoni kutoka mapema siku mbili za juma, na amekubaliwa siku moja. Kwa hizo nyingine, mmoja wetu huenda kumngoja mjini. Na anayekwenda mara nyingi ni yuleyule aliyetaka angoje mwaka mmoja. Hubeba mwavuli, hukaa kwenye benchi la stesheni na tasbihi yake, na sasa wale abiria wa jioni wanamjua, wanamsalimu, yule mama Mkamba humshikia nafasi naye.