Kabla Hajaruka

Asubuhi ya kwanza niliyokwenda Ziwa Naivasha kumpiga picha furukombe akiruka, nilirudi na picha zaidi ya 600. Usiku nikazipitia moja moja. Maji matupu. Anga. Ncha ya bawa pembeni. Na mikia, mikia mingi mno, ya tai aliyenipa mgongo.

Kamera haikuwa na kosa. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, apate kuchunguza ndege anavyopiga mabawa. Yangu hupiga 20, na nilikuwa nimeiweka kwenye kasi ya 1/2500 ya sekunde. Kasi ninayo, lakini nilikuwa nikingoja nimwone ameruka ndipo nibonyeze. Kumbe ukishamwona ameruka, umechelewa.

Siku ya pili nilikodi mashua ya mzee mmoja aliyezeekea ziwani humo. Akaniuliza, "Mama, nimtupie samaki?" Ndivyo wageni wengi wanavyopata picha zao: mwenye mashua hupiga mluzi, hurusha samaki majini, naye furukombe hushuka mbele ya kamera. Nilikataa, nilitaka aruke kwa hiari yake mwenyewe.

"Basi weka kamera chini kwanza," akasema, akazima mashine.

Tulitulia karibu na mgunga uliokauka. Iko mingi pale, imesimama ndani ya maji tangu ziwa lilipopanda miaka ya karibuni. Furukombe alikuwa juu ya tawi, kichwa na kifua vyeupe pe, tumbo la hudhurungi, miguu ya manjano. Tukakaa. Saa nzima ikapita. Mara mzee akanong'ona, "Anakwenda huyo."

Nikatazama: ndege ametulia vilevile. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, akaruka.

"Umejuaje, mzee?"

"Alikwishaondoka kitambo. Hukumwona amegeukia upepo? Akabana manyoya. Akajisaidia, apunguze uzito. Akainama. Kuruka ni mwisho tu, mama."

Baada ya hapo nilianza kuziona dalili zote. Ndege mkubwa huruka akiukabili upepo, maana upepo wa mbisho, unaomtesa nahodha wa jahazi, ndio unaomnyanyua yeye. Basi mpiga picha aupe upepo mgongo, ndege amjie uso kwa uso. Jana yake nilikaa upande usiofaa, ndiyo maana nikaambulia mikia. Kwa mwari, mzito yule anayekimbia juu ya maji kabla hajanyanyuka, kujifunza ni rahisi. Kwa mbayuwayu bado sijafika.

Nimelitumia sana neno "ghafla" maishani. Mwanangu wa kwanza alipoacha chuo akiwa mwaka wa pili, niliwaambia ndugu kwamba ameacha ghafla. Ndani ya mashua ile nilimkumbuka. Likizo yake ya mwisho alikuwa akila haraka na kuinuka mezani. Vitabu havikutoka kwenye begi. Usiku mmoja alisimama mlangoni kwangu akauliza kama nimelala. Nikamjibu, macho yakiwa kwenye simu, kwamba nakaribia kulala. Akasema basi, kesho. Kesho yake hakusema kitu. Alikuwa ameugeukia upepo wake mbele yangu, nami nilikuwa nikisubiri mabawa.

Yapo ya ghafla kweli, na hayo hayana mtabiri. Lakini mengi tunayoyaita hivyo yalikuwa na dalili, nazo hazikufichwa; zilihitaji mtu aliyekaa karibu, ametulia, bila kitu mkononi. Dalili ya mvua ni mawingu, twasema kila siku, tukasahau kwamba mawingu huonwa na aliyeinua uso.

Nimezungumza na mwanangu tangu hapo. Nilimuuliza usiku ule alitaka kuniambia nini, naye akaniambia. Ilikuwa chungu kusikia, na ingekuwa nyepesi kama ningeisikia mlangoni siku ile. Sasa ni seremala Nakuru, na kazi yake anaipenda. Mdogo wake akikaa mezani, simu yangu hubaki chumbani.

Safari ile nilipata picha tano za furukombe akiwa angani, makucha mbele, jicho kali, na ninazipenda. Iliyo ukutani sebuleni ni ya sita. Miguu ingali tawini, mwili umeinama mbele, manyoya yamebanwa, na chini yake tone jeupe linaelekea majini. Wageni huniuliza kwa nini nimetundika picha ya ndege aliyetua. Ninawaambia waitazame tena, waanzie miguuni.