Ugumu Uliohamia Katika Mafuta

Katika miaka ya ujana wangu mjini Mombasa, kila fundi wa magari, awe mwenye gereji ya mabati mapya au yule aliyefanya kazi zake chini ya mwembe, alikuwa na itikadi moja isiyohojiwa: kwamba gari la kwenda bara na kurudi salama sharti liwe gumu, na ya kwamba makao ya ugumu huo ni springi. Pikapu ilipoletwa kwa ami yangu huko Majengo, kiuno kimelegea kwa mizigo ya Voi na Taveta, dawa yake ilikuwa ileile siku zote. Zilifunguliwa bolti zenye umbo la U, yakatolewa mabapa ya chuma yaliyolaliana toka refu hadi fupi, yakapelekwa kwa mhunzi, naye akayatia motoni na kuyapiga nyundo mpaka yakarejea katika upinde wake, kisha likaongezwa bapa moja au mawili yaliyotoka katika lori bovu. Mwenye gari alipanda nyuma, akarukaruka kwa miguu miwili, na alipoona halikuinama hata kidogo alilipa ujira kwa moyo mkunjufu.

Sisemi kwamba wazee wale hawakujua kazi. Mabapa ya springi hutumika kwa mambo mawili: hubeba mzigo, na kwa kule kusuguana kwao hulizuia gari lisiendelee kupwitapwita baada ya shimo, na shokomzoba za zama zile, nyembamba na zenye mafuta haba, hazikutegemewa kwa mengi, aghalabu zikifa chini ya gari bila ya mtu kuziulizia. Lakini kila bapa lililoongezwa liliondoa sehemu ya mwendo wa gurudumu, na gurudumu lililonyimwa nafasi ya kupanda na kushuka haliifuati ardhi, bali huruka juu yake, na muda liwapo hewani usukani na breki huwa ni mapambo tu.

Kilichoanza kututia shaka ni mashindano ya Safari, yale yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Na katika mwaka huo wa mwisho, magari zaidi ya 90 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Nayo 404 ilikuwa gari la kupeleka watoto skuli! Ukiegemea bawa lake la mbele lilinesa, kwa kuwa springi zake zilikuwa za mviringo, laini na ndefu, zilizoliachia gurudumu liende zake. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa barazani baada ya sala ya alasiri. Ami yangu alishikilia kuwa sifa ni za dereva, na kwa kiasi fulani alisema kweli. Ila mimi, niliyelala chini ya magari kutwa nzima, nilijua ni springi zipi zinazorudi gerejini zimekatika na ni zipi zisizorudi.

Baada ya mwaka 1970, wengi wetu wenye nasaba ya Oman tulipoanza kuvuka bahari kwenda Maskati, nilikuta nchi ambayo lami yake yote ilikuwa ndiyo kwanza imevuka kama kilomita 10, na pikapu zilizopita katika mabonde ya mawe asubuhi na katika mchanga jioni. Huko ndiko nilikofahamu kwa mikono yangu kazi halisi ya shokomzoba. Ni pistoni inayosukumwa ndani ya mafuta yaliyofungiwa. Mafuta hulazimika kupenya matundu madogo, na katika kupenya huko nguvu ya mshindo hugeuka kuwa joto. Joto likizidi mafuta huwa mepesi, yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu halizuii chochote. Pikapu iliyoondoka Maskati ikiwa na adabu ilifika Sur ikiyumba, na mwenyewe akadhani springi zimechoka, akaja kuniomba niongeze mabapa, kana kwamba ami yangu alimtangulia kwa simu.

Mageuzi makubwa yalitoka mbali. Katika rasi ya Baja California, huko Meksiko, yamekuwako tangu mwaka 1967 mashindano marefu ya jangwani, ya kwanza yakiwa ya kutoka Tijuana hadi La Paz, na mafundi wa Kalifornia waliotengeneza pikapu za huko walifikia uamuzi uliokuwa kinyume cha itikadi yetu: gurudumu lipewe mwendo mrefu kupindukia, springi ziwe laini, na kazi ya kulizuia gari yapewe mafuta. Vyombo vyao vilipoanza kufika Ghuba, nilikifungua kimoja juu ya meza yangu huko Wadi Kabir. Mwili wake ulikuwa mnene wa inchi 2.5, pembeni ilining'inia chupa yenye gesi ya naitrojeni, iliyotengwa na mafuta kwa pistoni ndogo huru, ili mafuta yanapotanuka kwa joto yapate pa kwenda bila ya kukutana na hewa. Juu ya pistoni kubwa palikuwa na vibati vya duara, vyembamba vya sehemu mbili tatu za kumi za milimita, vilivyolazwa kimoja juu ya kingine toka kipana hadi kidogo, vikifunika matundu. Mafuta yakisukuma, vibati hupinda na kuachia njia. Ukiongeza kimoja njia inakuwa nzito, ukikipunguza inakuwa nyepesi. Nikavitazama kwa muda. Vilikuwa ni springi za ami yangu zilezile, zimepunguzwa mpaka zikaenea kiganjani, na mhunzi wake akawa mimi, mwenye koleo ndogo badala ya nyundo.

Tangu hapo kazi ikawa ya subira na daftari. Mtoto wa ndugu yangu, aliyekuja kurithi gereji, alikuwa na ile pikapu ya Land Cruiser ambayo watu wa Ghuba huiita Shas, yenye springi za mviringo mbele na mabapa nyuma, nasi tulikwenda naye mara nyingi karibu na Bidiya, pale njia ya changarawe inapoishia na mchanga wa Sharqiya unapoanza. Kwanza tuliweka springi, maana mafuta hayana uwezo wa kubeba gari, na asiyekubali hili atapoteza fedha nyingi. Mbele tulitia springi mbili juu ya mguu mmoja, laini na ngumu. Zikilazwa mbili pamoja hulegea kuliko hata ile laini peke yake, mpaka ile laini inapozuiwa na pete, na hapo ile ngumu ndiyo inayobaki kufanya kazi. Kisha tukafunga kamba nyembamba ya plastiki katika fimbo ya kila shokomzoba, tukaenda mbio, tukarudi kutazama kamba imesukumwa hadi wapi. Shokomzoba inayofika mwisho kwa kila kijituta ni laini mno. Isiyofika mwisho hata pigo baya kuliko yote lilipokuja imelipiwa mwendo usiotumika.

Lililonitaabisha zaidi ni kurudi kwa gurudumu. Watu wote hufikiria pigo la kupanda, kwa kuwa ndilo linaloumiza mgongo, ilhali aghalabu maradhi yako katika kushuka. Kwenye matuta madogo yaliyofuatana, vibati vya kurudi vikiwa vizito gurudumu halijawahi kushuka tuta la pili limeshafika, na la tatu, gari likazidi kuzama mpaka likawa limekalia raba zake, nalo dereva analiona gumu kama jiwe. Aliyezoea mambo ya kale angesema likazwe, wala dawa si hiyo. Kilichotakiwa ni kuondoa kibati. Vikiwa vyepesi mno, kwa upande wa pili, mkia hurushwa juu kwenye ukingo wa tuta la mchanga, na mwenye bahati hubaki na meno yake. Tulitafuta pa katikati kwa kufungua, kuongeza, kupunguza, na kujaza tena gesi, na baada ya yote hayo mtu akipunguza upepo wa matairi ili avuke mchanga, tairi nalo ni springi, na hesabu huanza upya.

Mashindano ya Dakar yalipohamia Saudia mwaka 2020 tulipata jirani wa kujilinganisha naye, na mwaka 2022 kanuni za magari ya daraja la juu ziliongeza mwendo wa gurudumu kutoka milimita 280 hadi 350, mwaka ambao Nasser Al-Attiyah wa Katari alishinda kwa Toyota Hilux. Vijana wengi walikuja kutaka milimita hizo. Baadhi yao, nasema bila ya kificho, hawavuki kitu kirefu kuliko tuta la mbele ya msikiti, na shokomzoba zao za thamani ya gari zima ni za kutazamwa maegeshoni.

Mwanangu yule si wa kundi hilo, lakini sasa anataka kuyaondoa mabapa ya nyuma ya Shas na kutia fimbo nne na springi za mviringo, apate mwendo mrefu nyuma kama alioupata mbele. Nikamkumbusha kwamba siku tano za juma gari hilo hubeba majani ya ngamia hadi linainama.

“Ami,” akanijibu, “majani nitakodi lori.”

Nikamuuliza lori hilo litakuwa na springi gani. Akacheka, akachukua tepu ya kupimia, akaingia chini ya gari.