Nyayo Zilizoishia Mlangoni mwa Jirani



Katika mkoa wetu wa Mara hakuna asiyejua kazi ya kufuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa, na kabla umande haujakauka watu huwa wamekwisha kushika njia wakizisoma alama za kwato. Nyayo zikiingia katika ardhi ya kijiji na zisionekane zikitoka, kijiji hicho hudaiwa kuzitoa au kulipa. Desturi hii ina hekima yake, kwa kuwa humfanya kila mtu aulinde mpaka wake. Lakini ina hatari yake pia: mahali nyayo zilipopotelea si lazima pawe mahali alipo mwizi. Pengine mvua ilinyesha. Pengine ng'ombe walipitishwa juu ya mwamba.

Juma hili tungependa kutafakari juu ya nyayo za namna nyingine, yaani zile zinazoachwa na kompyuta na simu katika mtandao wa intaneti. Siku hizi husikika maneno haya: "Tumeangalia, ujumbe ule umetoka mahali fulani." Je, mahali hapo hujulikanaje?

Kila kifaa kinapoingia mtandaoni hutambulishwa kwa namba iitwayo anwani ya IP. Namba hiyo haibebi jina la kata wala la kitongoji. Yafanana na sanduku la posta: barua ya mtu wa Morotonga huandikwa S.L.P. ya Mugumu, na anayeisoma bahasha hajui kama mwenye barua hukaa karibu na posta au mbali nayo. Hivyo wanaotaka kujua kifaa kilipo hulazimika kukisia, nao hukisia kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni daftari la wagawaji wa namba. Kwa Afrika kazi hiyo hufanywa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo namba za bara letu zilitolewa na ofisi za Ulaya na Marekani. Daftari huonyesha ni taasisi gani iliyopewa namba, na ya nchi gani. Halionyeshi kifaa kilipowekwa. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi mwezi Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti, na wengi walitumia namba za makampuni ya ng'ambo. Mtu aliyeketi huku kwetu aliweza kuonekana kana kwamba yuko Ulaya.

Njia ya pili ni kupima muda. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200 katika elfu moja ya sekunde. Mtambo wa Dar es Salaam ukiuliza swali, na jibu likarudi baada ya elfu kumi za sekunde, basi kifaa hakiwezi kuwa mbali kupita kilomita 1,000. Kipimo hiki hakisemi uongo, lakini duara lake ni pana mno: ndani yake wamo Zanzibar, Dodoma, Mombasa, Nairobi, na sisi wa Serengeti pamoja nao.

Njia ya tatu ni kukusanya dalili nyingine, kama vile mahali ambapo watumiaji wa namba hiyo wamewahi kujitaja wenyewe, na kuzitia katika hazina ya kumbukumbu inayouzwa. Hapa ndipo simu zetu zinapoleta utata. Makampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na safari zao hutokea katika vituo vichache vya miji mikubwa. Hivyo simu iliyoko Morotonga yaweza kuandikwa kuwa iko Dar es Salaam, mji ulio zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, ingawa Nairobi iko karibu zaidi. Na mwenye kutumia VPN huonekana pale anapotaka kuonekana.

Kukisia si dhambi. Benki hukisia ili kuwalinda wateja wake, na tovuti hukisia ili kuchagua lugha ya kumsalimia mgeni. Ubaya huanza pale "hatujui" inapogeuzwa kuwa nukta kwenye ramani. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind ilipojua tu kwamba namba fulani ni ya Marekani, iliiweka karibu na kitovu cha nchi hiyo, na nukta hiyo ikaangukia shamba moja huko Kansas. Mwaka 2016 mwandishi Kashmir Hill alieleza kwamba namba zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa hapo. Kwa miaka mingi wenyeji wa shamba walijiwa na polisi na watu wenye hasira, wakitafutwa kwa makosa ya watu wasiowafahamu. Baadaye kampuni iliihamishia nukta hiyo katikati ya ziwa. Mwaka 2019 mwandishi huyo alisimulia mkasa kama huo katika nyumba moja ya Pretoria, Afrika Kusini, ambako watu walibisha hodi wakidai simu zao zilizoibwa.

Wapendwa, tusidhani kwamba hayo ni ya wengine. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao, na tuhuma ya utapeli au matusi ni jambo zito. Sisi tunaojua jinsi kijana anavyoweza kupigwa kwa sababu nyayo zimeishia nyuani kwake, tuwe wa kwanza kuuliza. Duara la makisio hayo lina upana gani? Anwani hiyo ilitumiwa saa ngapi, na kumbukumbu za kampuni ya simu zasema ni mteja gani aliyeishika saa ile? Maswali hayo ni ya vyombo vya sheria, si ya umati. Ramani ya kwenye skrini haiwezi kuyajibu.

Mfuatiliaji mzuri wa ng'ombe akifika kwenye mwamba husimama. Huuzunguka, hutafuta alama upande wa pili, na asipoziona husema wazi kwamba hazioni. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi tukimtaja mtu kwa sababu ya nukta tusiyojua ilivyopatikana, tumekwisha kuwa mashahidi wa jambo tusiloliona.

Tuwatakie juma jema.