Debe Langu Katika Foleni

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za kazi niliyokuwa nikiifanya Nairobi, ili wanafunzi walio madarasani sasa wajue yule aliyekalia madawati yao zamani anafanya nini. Nilikubali upesi, kisha nikajuta, kwa maana kazi yenyewe haionekani kwa macho. Seremala aweza kukuonyesha randa yake na mwalimu chaki yake. Mimi niliandika maagizo, nikayatuma kwa mashine nisiyopata kuiona, nikaenda kulala. Mama aliposikia hayo aliniuliza kama ndiyo kazi aliyonilipia ada.

Basi nitaanza na mashine tunayoijua sote. Nilipokuwa mtoto hapa Vugiri, kila Jumamosi nilitumwa kupeleka mahindi mashineni. Mtu hakai na debe lake kutwa. Analiweka katika mstari, analitia alama (letu lilikuwa na kitambaa chekundu), anamwambia mwenye mashine afanyiwe nini, analipa, kisha anakwenda zake kuchuma chai au kuchota maji. Jioni akirudi anakuta unga. Siku moja nilikuwa na haraka ya mpira, nikasema "saga" nikasahau kusema "koboa kwanza". Nyumbani tulikula dona wiki mbili, na baba, asiyependa dona, hakunisemesha siku tatu. Mwenye mashine hakuwa na kosa. Alifanya lile aliloambiwa, nami sikuwapo wa kusahihisha.

Kazi yangu ya Nairobi ilikuwa ni hiyo hiyo, ila mahali pa mahindi palikuwa na hesabu.

Huko Nairobi iko Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, iitwayo ILRI kwa kifupi, iliyoundwa mwaka 1994. Wana kompyuta nyingi zilizounganishwa pamoja zikawa kama mashine moja, nazo huitwa klasta. Wataalamu na wanafunzi wa nchi mbalimbali huzitumia kwa pamoja, kila mmoja akiwa mezani pake, na pengine katika mji mwingine kabisa. Kila kompyuta katika kundi hilo huitwa nodi. Mojawapo ni ya mlangoni: ndiyo unayoingilia, unayoandikia maagizo yako, na kupokelea matokeo. Zile za ndani ndizo zisagazo.

Hapana ruhusa ya kujiendea ndani na debe lako. Unaandika skripti, yaani karatasi ya maagizo. Mistari yake ya juu hutaja mahitaji: nataka viini vinne vya kufanyia hesabu, nataka kumbukumbu kiasi hiki, nataka saa nane. Mistari ya chini ni kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Kisha unaikabidhi kwa programu isimamiayo foleni. Hiyo ya ILRI huitwa Slurm, nayo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 2002 katika maabara ya Lawrence Livermore. Slurm hukupa namba, nawe waweza kuondoka. Ukitaka kujua habari za kazi yako unaiuliza kwa amri ya squeue, nayo hukuonyesha orodha: penye herufi PD kazi ingali ikingoja, penye R inakwenda.

Wasomaji wasidhani kwamba jambo hili ni jipya. Mwaka 1956 kiwanda cha magari cha General Motors na kile cha ndege cha North American Aviation, huko Marekani, walitengeneza programu ya kuifanya kompyuta yao ya IBM 704 imalize kazi moja na kushika nyingine yenyewe, bila mtu kusimama kati. Watu walikabidhi kazi zao katika kadi zilizotobolewa matundu. Kwetu, kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa ICT 1500, iliyowekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta zisiingizwe nchini, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Nadhani ndiyo sababu baba zetu wengi walizeeka bila kuliona debe la namna hii likisagwa.

Sasa, nilikuwa nikisaga nini? Muhogo. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara ya Mashariki, iko Amani, na huko ndiko mtaalamu H. H. Storey alikoandika mwaka 1936 habari za ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Ni ugonjwa wa hila. Pengine majani huonekana mazima, mkulima akafurahi, hata siku ya kuchimba akakata mzizi akakuta ndani umeoza, una madoa makavu ya kahawia. Mama alipata kuchimba shamba zima la bondeni, akarudi nyumbani na kikapu kimoja. Virusi vyake ni vya aina mbili, na vyote huchukuliwa na inzi weupe. Kirusi kimoja kimeandikwa kwa herufi za urithi kama 9,000 tu, lakini muhogo wenyewe una herufi kama milioni 750. Majani yakipimwa katika mashine ya kusoma herufi hizo, hutoka vipande mamilioni vilivyochanganyika, vya mmea na vya kirusi. Kazi yangu ilikuwa kuvichambua na kuviunga vile vya kirusi. Nilikuwa na majani ya mimea 14, na nafasi ya miezi mitatu.

Wiki ya kwanza nilitia aibu. Niliingia mlangoni, nikaona kompyuta imekaa kimya, nami kwa ujinga nikaiendesha programu yangu pale pale bila kuipeleka katika foleni. Baada ya nusu saa kila mtu alikuwa amekwama: mtu akiandika herufi moja, yangojewa kutokea kama gari la Jumapili. Nikaletewa barua fupi na mtunza mtambo: "Ndugu, umekaa mlangoni na gunia lako na watu hawapiti. Nimelitoa. Tafadhali pita katika foleni." Hakunitukana, nami ningaliona nafuu kama angenitukana. Meza ya pili alikaa dada mmoja kutoka Uganda, aliyekuwa akimaliza tasnifu yake. Asubuhi hiyo yote hakuweza kufungua faili zake. Nilikwenda kumwomba radhi, akasema, "Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo. Lete chai."

Nilipojifunza foleni nikaangukia kosa la pili, nalo ni la woga. Sikujua kazi yangu yahitaji nguvu kiasi gani, nikaomba nyingi ili niwe salama: viini vingi, kumbukumbu nyingi, muda mrefu. Kazi ikakaa PD siku nne. Nilinung'unika kwamba wengine wanapendelewa, kwani niliona kazi za watu waliokuja nyuma yangu zikipita. Yule dada akanieleza. Slurm hutazama mbele: ikiona kwamba nodi fulani itakaa bure saa mbili mpaka kazi kubwa ipate nafasi yake, huchukua kazi ndogo iliyosema kweli kwamba yataka saa moja, huipenyeza katika mwanya ule, na mkubwa hacheleweshwi. Nikakumbuka mwenye mashine wetu akimpitisha bibi mwenye kisonzo kimoja wakati wachukuzi wakishusha magunia ya mwenye duka. Mimi nilikuwa nimedai gunia kumi kwa mahindi ya debe moja.

Kosa la tatu ndilo lililonikosesha usingizi, na mpaka leo nikilikumbuka tumbo hunikaza. Nikijiona mjuzi, niliandika skripti moja ya kuchambua mimea yote 14, mmoja baada ya mwingine, nikaomba saa 72. Nilikuwa nimepima mmea mmoja, nikaona wachukua saa tano, nikazidisha: saa 70. Nikasema zile mbili zinatosha. Ili kazi iende upesi, niliiagiza iweke matokeo katika diski ya nodi yenyewe, na mstari wa mwisho kabisa wa skripti uyanakili yote kwenda mahali pangu pa kudumu na kuisafisha ile diski. Ijumaa herufi ikageuka R. Nilifurahi nikaenda kutembea Nairobi na wenzangu.

Lakini mimea haifanani, na baadhi ya mafaili yalikuwa makubwa kuliko lile nililopima. Jumatatu saa 72 zikatimia, kazi ikiwa katika mmea wa kumi na moja. Slurm ikaikata. Si kwa ubaya, niliomba saa 72 nikapewa saa 72, na wengine walikuwa wakingoja nodi ile. Mstari wa mwisho, ule wa kunakili, haukufikiwa. Mimea kumi ilikuwa imekwisha salama, nayo ikafutwa pamoja na takataka za nodi. Katika mahali pangu palikuwa na faili moja tu, yenye mstari mmoja uliosema kazi imekatwa kwa kuwa muda umekwisha. Zilikuwa zimebaki siku tisa katika nafasi yangu.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikatafuta wa kumlaumu. Nilimfikiria mtunza mtambo, nikafikiria umeme, nikafikiria hata wale waliokuwa wakingoja nodi. Mwisho nikaona kitambaa chekundu na dona.

Usiku ule niliandika upesi barua kwa profesa wangu, nikimwambia kwamba mtambo umeharibu kazi. Sikuituma. Asubuhi niliandika nyingine: nimepoteza siku tatu kwa kuweka kunakili mwisho badala ya kila mmea ukimalizika. Alijibu maneno manne: "Asante. Una siku nane."

Nikaivunja kazi ile vipande 14, kila mmea na skripti yake, kila mmoja ukiomba viini vinne na saa nane tu, na kila mmoja ukinakili matokeo yake mara umalizapo. Kabla ya kutuma nilijaribu kwa faili dogo sana, la dakika mbili, kuona kama kila mstari unafanya nililodhani unafanya. (Mstari mmoja haukufanya. Nilikosea jina la folda.) Kisha nikatuma zote. Zile kazi ndogo zikaingia katika nyanya za foleni kama watoto waingiavyo uani kwa watu, mbili hapa, tatu pale. Mpaka nafasi yangu ilipokwisha mimea 12 ilikuwa tayari. Miwili ilikuwa na mafaili makubwa mno, ikazidi kumbukumbu niliyoomba ikakatwa. Nikairudisha katika foleni kwa ombi kubwa zaidi, na mtunza mtambo akaniachia ruhusa ya kuingia kwa mbali hata mwisho wa mwezi. Nikapanda basi kuja nyumbani.

Hapa Vugiri mtandao haushiki kila mahali, nanyi mwajua. Nilipanda mpaka kwenye ukingo wa chai, mahali uonapo mashamba ya mkonge ya Korogwe chini kabisa ukungu ukiondoka. Mama alikuwa akitoka mashineni, debe kichwani, akasimama kupumzika. Nilifungua simu, nikaingia mlangoni kule Nairobi, nikauliza foleni. Mmea wa kumi na tatu haukuwamo tena katika orodha, na nilipotazama mahali pangu nikakuta matokeo yake yamefika. Wa kumi na nne ulikuwa na herufi R, saa sita na dakika kumi na moja.

"Imekwisha?" Mama akauliza.

"Bado, Mama. Inasagwa."

Akajitwika debe lake. "Uliwaambia wakoboe?" akasema, akashika njia.