Mchezaji ni Mtoto wa Watu

Ligi kuu inapofikia kikomo chake, na mvua za masika zikawa zimekwisha kuiacha milima ya Uluguru imevaa kijani, hapa Kihonda huanza mashindano mengine yasiyo na refa wala muda wa mapumziko. Haya ni mashindano ya usajili. Nani anakuja, nani anaondoka, nani ameuzwa, nani amekopeshwa, nani amebadilishwa kwa nani. Kuanzia kandokando ya barabara kuu iendayo Dodoma hadi kule Maghorofani, wazee kwa vijana huketi vijiweni, gazeti moja likisomwa na watu kumi, na muuza kahawa hujua kwamba hiyo ndiyo miezi yake ya mavuno.

Ndugu msomaji, mimi ni mmoja wa watu hao, wala sioni haya kusema hivyo. Mjadala wa usajili una raha yake. Mtu asiyekuwa na shilingi mia mbili za kikombe cha pili cha kahawa humnunua mshambuliaji kwa mamilioni, akampeleka winga Uarabuni, na kabla ya adhuhuri akawa amekwisha kuwarudisha wote wawili. Namfahamu fundi cherehani mmoja awezaye kukutajia, bila ya kutazama popote, mkataba wa kila beki wa Simba na Yanga unakwisha lini. Mwezi Julai mwaka 2024, Mzambia Clatous Chama alipotoka Simba na kuvaa jezi ya Yanga, watu wawili wa kijiwe chetu waliokuwa wakila pamoja tangu ujana wao hawakusalimiana kwa siku tatu. Na Feisal Salum alipotangaza kuachana na Yanga mwezi Desemba mwaka 2022, shauri lile likaendelea hadi alipohamia Azam mwezi Juni mwaka 2023, sisi wa Kihonda tulilisikiliza kama mahakimu, tukitoa hukumu kila jioni na kuitengua kila asubuhi.

Mapenzi haya ya kandanda hayakuanza jana. Mkoa wetu wa Morogoro una historia yake. Mseto ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ya Turiani ikautwaa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na mwaka 2000. Wazee wetu husimulia kwamba zamani mchezaji hakununuliwa kwa fedha kama ilivyo leo. Alishawishiwa kwa ajira katika shirika la umma au kiwandani, akapewa chumba cha kulala, na pengine akafichwa nyumbani kwa mwanachama mmoja ili wapinzani wasimwone mpaka jina lake liandikwe. Siku hizi kuna madirisha ya usajili, kuna mawakala, kuna ada ya uhamisho. Hata hivyo jambo moja halikubadilika: mashabiki ndio wazungumzaji, na mchezaji ndiye azungumzwaye.

Hebu tuyatazame maneno yetu wenyewe. Tunasema tumemnunua, tumemuuza, tumemtema. Akikosa mabao mawili tunamwita garasa, kana kwamba ni karata isiyofaa mkononi mwa mchezaji wa karata. Maneno haya hayana chumvi kali yanaposemwa juu ya mtu wa mbali ambaye tunamjua kwa picha na kwa namba ya mgongoni. Lakini siku ambapo azungumzwaye ni kijana uliyempakata akiwa mchanga, masikio huyasikia kwa namna nyingine. Siku hiyo ilinifika mwaka jana.

Dada yangu ana mtoto wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Anacheza winga ya kushoto. Sitamsifu sana, maana mjomba hana kipimo cha haki kwa mpwa wake. Nitasema tu kwamba anapoupokea mpira, watu walioketi husimama. Siku moja baada ya mechi ya mtaa alifika nyumbani kwa dada yangu bwana mmoja nadhifu, akasema kuwa ametumwa na klabu ya mkoa wa mbali. Alikuja na jozi ya viatu vipya, bahasha yenye shilingi laki mbili, na karatasi za mkataba zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Alimwambia dada yangu, “Mama, weka sahihi yako hapa chini, kijana aondoke nami Jumamosi.”

Dada yangu huuza mboga. Hana mume, na bahasha ile ilikuwa na fedha nyingi kuliko alizopata kushika kwa mkupuo mmoja mwaka ule. Pamoja na hayo alimjibu yule bwana kwa upole kwamba mtoto ana wajomba zake. Wageni wa mji wetu wanaweza kulishangaa jibu hilo, lakini Mluguru yeyote atalielewa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ana sauti katika jambo zito linalomhusu mtoto huyo. Jirani anaweza kumlisha, mwalimu anaweza kumfundisha, lakini hakuna amchukuaye bila ya ukoo kuulizwa.

Habari hazina mguu, lakini hufika. Kabla sijafika kwa dada yangu, kijiwe kilikuwa kimekwisha kugawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema ngojangoja huumiza matumbo. Aende, maana umri wa mchezaji ni mfupi. Walinitajia Mbwana Samatta, aliyepita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18 tu, akafika Genk ya Ubelgiji mwezi Januari mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwezi Januari mwaka 2020. Upande wa pili ulisema haraka haraka haina baraka; amalize kwanza kidato cha nne. Walibishana kwa ufundi uleule wanaobishania Simba na Yanga, wakapiga hesabu za mishahara, wakampangia mpwa wangu klabu tatu na nchi mbili. Niliwasikiliza kwa heshima. Nilichogundua ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza kilichoandikwa katika zile karatasi.

Aliyeuliza ni mama yetu mzazi, bibi yake kijana, ambaye hajapata kuingia uwanja wa Jamhuri hata siku moja. Tulipokaa kikao cha familia alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mambo matatu. Akivunjika mguu, ni nani atakayemtibu? Shule yake ataimalizia wapi? Na akitaka kurudi nyumbani, atamwomba nani ruhusa? Tulimwita kijana wa jirani anayesomea sheria Chuo Kikuu cha Mzumbe, akazipitia karatasi zile mstari kwa mstari na kututafsiria. Juu ya matibabu hapakuwa na neno. Juu ya shule hapakuwa na neno. Juu ya kuondoka palikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kumfunga kijana, hakuna lililoifunga klabu.

Kijana yule wa sheria alitueleza mambo ambayo ningependa kila mzazi mwenye mtoto mchezaji ayajue. Kwa sheria ya mikataba ya nchi yetu, mtu hujifunga mwenyewe kwa mkataba akiwa ametimiza miaka 18. Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuandikiana mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Aidha, uhamisho wa kwenda nchi nyingine kwa aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo ile miaka mitano tuliyoletewa haikuwa imepita mlangoni. Ilikuwa imeruka ukuta.

Yule bwana aliporudi siku ya Jumamosi tulimpokea vizuri, tukamkaribisha chakula, tukamrudishia bahasha yake na viatu vyake. Tulimwambia kwamba hatukatai kijana kucheza. Tunaomba mkataba wa Kiswahili, usiozidi miaka mitatu, wenye kifungu cha shule na kifungu cha matibabu, na tuonyeshwe barua ya klabu iliyomtuma. Alituambia kuwa wachezaji wako wengi. Aliondoka kwa kinyongo, wala hakuonekana tena.

Aliyeumia ni mpwa wangu. Alikaa karibu majuma matatu akinipa shikamoo tu na kupita. Siku alipofungua kinywa aliniambia neno ambalo sijalisahau: “Mjomba, wewe kila siku kijiweni unawahamisha watu wazima usiowajua. Mimi mmoja unayenijua umenizuia.” Nilimjibu kwamba ni kwa sababu hiyo hasa. Wale wa kijiweni huwahamisha kwa mdomo, na kesho wako palepale walipokuwa. Yeye angehamishwa kwa sahihi. Sidai kwamba jibu langu lilimponya. Uchungu wa kijana aliyeona lori likipita bila yeye hautibiwi kwa maneno. Nilichoweza kufanya ni kutafuta njia nyingine, na hapo ndipo nilipojifunza faida ya karatasi iliyo njema.

Zipo kanuni zinazowakumbuka walezi wa mwanzo wa mchezaji. Mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kwa ada kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka yake 12 hadi 23. Kwa mfano, ada ikiwa ni shilingi milioni 100, fungu la walezi ni milioni 5: kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huleta shilingi 250,000, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 huleta shilingi 500,000. Kwa klabu ya mtaani hiyo ni mipira, ni nyavu, ni nauli ya msimu mzima. Lakini hailipwi kwa mdomo. Hulipwa kwa klabu iliyo mwanachama wa chama cha mpira, na kwa mchezaji ambaye jina lake liliandikwa msimu kwa msimu. Timu isiyosajiliwa inaweza kumlea bingwa wa dunia na isipate hata filimbi. Basi mpwa wangu sasa ameandikishwa katika klabu iliyosajiliwa hapa manispaa, anacheza na anasoma. Kumbukumbu yake imeanza, na popote atakapokwenda itamfuata.

Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Huko Australia wana kandanda yao, ya mpira wenye umbo la yai unaopigwa kwa mikono na miguu. Tangu mwaka 1986 klabu za ligi yao kubwa huchagua vijana kwa zamu, klabu iliyoshika mkia ikianza, ili wanyonge nao wapate wachezaji hodari. Klabu hubadilishana wachezaji, na hata zamu zenyewe za kuchagua, na mashabiki wa huko hubishana miezi mizima kama sisi. Ni utaratibu wenye haki kwa klabu. Lakini kijana hachagui aende wapi. Aliir Aliir, aliyezaliwa na wazazi Wasudani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, alichaguliwa na Sydney Swans mwaka 2013, na mwishoni mwa mwaka 2020 akahamia Port Adelaide. Mashabiki wa huko walimpima kwa zamu na kwa namba. Mtu wa Afrika Mashariki asikiapo jina la Kakuma hukumbuka kwanza kwamba nyuma ya namba ile palikuwa na mama aliyelea mtoto kambini.

Sisemi tuache kujadili usajili. Mimi mwenyewe sitaacha, na dirisha litakapofunguliwa nitakuwa kijiweni na kikombe changu. Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kwamba, akija mgeni na bahasha, mwuliezeni maswali matatu ya bibi kabla ya kuuliza kiasi kilichomo. Someni karatasi, au msomewe na mtu asiye na fungu ndani yake. Viongozi wa timu za mitaani nao waandikishe timu zao na vijana wao, maana jasho lisiloandikwa hukauka bila ya shahidi. Nasi mashabiki, tunapomwita mtu garasa kwa sababu amekosa bao, tukumbuke kwamba pengine mahali fulani, Kigoma au Lusaka, yuko mjomba wake anayesikia.