Msemaji Bila Msikilizaji

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Kwa muda mrefu nilidhani methali hiyo inawahusu watu wengine, si mimi niliyekuwa mwaka wa tatu chuoni nikisoma isimu ya Kiswahili. Likizo ya Agosti mwaka 2022 ilinitoa katika ujinga huo, nami nakiri hapa mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wangu.

Kwetu ni Kibuyuni, jirani na Shimoni, Kaunti ya Kwale. Maji yakipwa, akina mama hushuka kwenye mashamba yao ya mwani. Yakijaa, wavuvi huelekea Wasini, Mpunguti na Mkondo wa Pemba. Mjomba wangu ni nahodha wa mashua ya mita nane yenye mashine. Mwaka huo alikuwa amenunua Mombasa kifaa cha GPS chenye kupima kina, ambacho yeye alikiita "bildi ya umeme", na redio ya baharini yenye kitufe chekundu cha kuomba msaada. Alinikabidhi vyote viwili akasema, "Mpwa wangu, wewe ndiye uliyesoma. Nisomee, kisha tuviunge."

Kijitabu kilichokuwapo kilikuwa cha GPS peke yake, kwa Kiingereza na lugha nyingine nne, Kiswahili hakikuwamo. Cha redio hakikuwapo kabisa. Tulianza na umeme: nyaya nene, fyuzi karibu na betri, viungo vikalehemiwa na kufunikwa ili maji ya chumvi yasivile. Nilipotaka kuifunga redio kando ya dira, mjomba alinishika mkono. Kipaza sauti kina sumaku, akasema, na sumaku huidanganya dira. Hilo halikuwa kijitabuni.

Kisha nikafika penye jambo lililonistaajabisha. Mwaka 1983 chama cha Marekani cha elektroniki za baharini kilitoa kanuni ya mawasiliano iitwayo NMEA 0183, ambayo ingali ikitumika katika vyombo vidogo hadi leo. Katika kanuni hiyo, kifaa kinachotoa habari huitwa msemaji, na kinachozipokea huitwa msikilizaji. Ujumbe wenyewe huitwa sentensi. Kila sentensi ya namna hiyo huanza kwa alama ya dola, zikafuata herufi mbili za kumtambulisha msemaji, GP ikiwa ni GPS, kisha habari zilizotengwa kwa mikato. Urefu wake hauzidi herufi na alama 82. Mwishoni huwekwa alama mbili za kuhakiki. Msikilizaji akizikokotoa zisipolingana, huitupa sentensi nzima. Waya mmoja una msemaji mmoja, ingawa wasikilizaji waweza kuwa wengi. Nilijiambia kuwa hii ni sarufi, tena kali kuliko ya mwalimu yeyote aliyepata kunifundisha.

Kuunga huko hakukuwa anasa. Kitufe chekundu kikibonyezwa, redio hutuma katika chaneli ya 70 wito wenye nambari ya tarakimu tisa iliyosajiliwa kwa chombo, ambayo kwa vyombo vya Kenya huanza na 634, pamoja na mahali chombo kilipo. Redio nyingi za siku hizi zina GPS ndani yake. Ya mjomba haikuwa nayo. Pasipo waya wa kuziunga, wito wake ungesema tu kwamba watu wanaangamia, bila kusema wapi.

Nami nikaunga rangi kwa rangi: nyeupe kwa nyeupe, kijani kwa kijani. Sikujua kwamba kila mtengenezaji huchagua rangi zake. Kwa kufanya hivyo niliunga msemaji na msemaji, msikilizaji na msikilizaji. Kioo cha redio kilionyesha vistari pale palipopaswa kuwa na tarakimu.

"Mbona haijui tulipo?" mjomba aliuliza.

"Tukifika nje itashika," nilijibu.

Sikuwa na hakika yoyote. Nilisema hivyo kwa kuwa niliona haya kusema sijui, mbele ya mtu aliyeuza samaki wake kunilipia karo.

Siku ya tatu tulikuwa mashariki ya Mpunguti, jua likielekea kuzama, mashine ilipozimika ikakataa kuwaka. Nanga haikushika. Simu yangu ilikuwa imelowa. Wakati wa kusi mkondo wa pwani yetu huvuta kaskazini kwa nguvu, nasi tulikuwa tukienda nao. Nilikitazama kile kitufe chekundu, kisha nikavitazama vile vistari. Uongo wangu mdogo ulikuwa pale kiooni, ukiniangalia.

Mjomba hakungoja. Alifungua chaneli ya 16, akaita. Mashua ya Wasini ikaitika. Nikachukua kipaza sauti, nikaisoma latitudo na longitudo kutoka kwenye GPS kwa sauti inayotetemeka.

"Hesabu hizo mimi sizijui, ndugu," sauti ilijibu. "Mko wapi?"

Mjomba akaninyang'anya kipaza sauti. "Jombo limekaa juu ya ncha ya Wasini ya matlai. Pima ishirini. Mkondo watuvuta jaa."

Mlima wa Jombo unapoonekana juu ya ncha fulani ya kisiwa, kina cha maji na mwelekeo wa mkondo: sentensi fupi, iliyokamilika, na msikilizaji aliyeielewa. Walitufikia giza lilipokuwa likiingia.

Usiku ule nilimweleza mjomba ukweli wote. Nilitaraji acheke kwamba elimu yake ya kale imeishinda ya kwangu. Hakucheka. "Leo Jombo lilionekana," alisema. "Usiku wa mvua halionekani. Kesho uunge upya, na usipojua, sema hujui."

Kesho yake nilibadilisha nyaya: unaosema kwa unaosikia, unaosikia kwa unaosema. Tarakimu zikajaa kiooni mara moja.

Ndugu msomaji, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya. Hata hivyo, maelezo niliyopewa ya vifaa vya kuokoa roho yalikuwa katika lugha asiyoisoma mwenye roho yake. Hapana shaka kazi ya istilahi ni yetu sisi tulio madarasani. Lakini bildi, pima, jaa na matlai sikuyatunga mimi wala kamati yoyote. Niliyakuta baharini yakifanya kazi.

Kabla ya kurudi chuoni niliandika ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, mjomba akinisahihisha neno kwa neno, tukaubandika ndani ya kifuniko cha sanduku la betri. Mstari wa kwanza ni wake: "Usiangalie rangi. Uliza kwanza nani anasema na nani anasikia."